Kutoka Liberty Island hadi Washington: Safari ya Kuzifuata Alama za Taifa la Marekani, Juni na Julai 2024

Simulizi hii nimeiandika nikiwa Morogoro, wiki chache baada ya kurejea, kwa msaada wa daftari nililokuwa nikiliandika kila jioni na picha zilizomo kwenye simu. Nimefundisha somo la uraia kwa miaka mingi, na mada ya alama za taifa nimeifundisha kwa bendera yetu, Mwenge wa Uhuru na wimbo wa taifa. Safari yenyewe ilikuwa ya kumtembelea mdogo wangu anayeishi Silver Spring, nje kidogo ya Washington. Nilipokwisha kupata viza, Mama Neema, mkimbizi kutoka Kongo ambaye nilifahamiana naye katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu nilipokuwa nikifundisha Kasulu, alinipigia simu kuniambia kwamba ameitwa kula kiapo cha uraia wa Marekani mjini Philadelphia, siku mbili kabla ya sikukuu ya Julai 4. Nikaamua kuanzia New York na kushuka polepole kuelekea kusini, nikipita mahali ambapo Wamarekani huenda kulitazama taifa lao.

Kwa anayepanga kwenda: mwaka 2024 ada ya maombi ya viza ya matembezi ilikuwa dola 185, na haikurudishwa hata ukinyimwa. Anza mapema, kwa sababu tarehe ya usaili huweza kuwa mbali.

Alhamisi, Juni 27. New York

Kutoka uwanja wa ndege wa JFK nilipanda treni ya uwanja kwa dola 8 na nusu, kisha treni ya chini ya ardhi kwa dola 2 na senti 90. Asubuhi iliyofuata nilikuwa Battery Park, ambako boti za kwenda Liberty Island, kisiwa chenye Sanamu ya Uhuru, huondokea. Tiketi ya mtu mzima ni kama dola 25, nayo inajumuisha kisiwa cha pili, Ellis Island. Foleni ya ukaguzi ni ndefu na ya kuvua mkanda, kama ya uwanja wa ndege. Anayefika kabla ya saa tatu asubuhi hupata nafuu kubwa.

Sanamu hiyo ilizinduliwa Oktoba 28, 1886. Mchongaji wake alikuwa Frédéric Auguste Bartholdi, na kiunzi cha chuma kilichomo ndani ni kazi ya Gustave Eiffel. Wazo la zawadi hiyo kutoka Ufaransa huhusishwa na Édouard de Laboulaye, mpinzani wa utumwa, mwaka ule ule wa 1865 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha na utumwa ukafutwa. Ndiyo maana miguuni pa sanamu pana pingu na mnyororo uliokatika, ingawa ukisimama chini huuoni, umefichwa na urefu wa msingi pamoja na mikunjo ya vazi. Nilizunguka kisiwa kizima nikiinua shingo bila kuuona. Mnyororo huo ndiyo maana ya sanamu yote, nao umewekwa mahali ambapo jicho la mgeni halifiki.

Siku ya uzinduzi, wanawake waliokuwa wakidai haki ya kupiga kura walikodi mashua, wakaja hadi karibu na kisiwa kupaza malalamiko yao: taifa limesimamisha mwanamke wa shaba na kumwita Uhuru, ilhali mwanamke wa nyama na damu hana kura. Iliwabidi wangoje hadi 1920. Habari hiyo niliiandika kwa kalamu nzito, kwa kuwa kila nilikopita baadaye nilikutana na jambo la aina hiyo: alama inasimamishwa na wachache, kisha wale walioachwa nje wanaikamata na kudai kilichoandikwa juu yake.

Ellis Island ilipokea wahamiaji zaidi ya milioni 12 kati ya 1892 na 1954. Katika ukumbi mkubwa wa usajili nilikaa benchi moja na mzee wa New Jersey aliyekuja kutafuta jina la bibi yake Mwitaliano. Alinionyesha picha ya bibi huyo, akaniuliza natoka wapi, kisha akafungua mfuko wake na kunigawia nusu ya mkate wake wa nyama, kwa sababu alikuwa amesikia nikiuliza bei mgahawani na kuondoka mikono mitupu. Alisema bibi yake hadi anakufa hakujua Kiingereza cha kutosha, lakini kila Julai 4 alikuwa wa kwanza mtaani kutundika bendera.

Jumamosi, Juni 29. Basi la kwenda Philadelphia

Basi lilichelewa kwa zaidi ya saa mbili, na abiria tulisimama kando ya barabara kwenye jua kali bila taarifa yoyote. Kijana mmoja mwanafunzi alifungua mwavuli wake, akatuita mimi na mama mmoja mwenye mtoto mchanga tujibane chini yake. Tulishushwa barabara ya Spring Garden, ambako nako wakati huo hapakuwa na jengo la abiria, kwa hiyo aliyefika usiku ilimbidi awe na mpango wa kupokewa.

Njiani nilihesabu bendera nikachoka. Ziko kwenye vibaraza vya nyumba, kwenye vituo vya mafuta, makaburini, kwenye malori, na juu ya yadi ya kuuzia magari niliona moja kubwa kuliko paa la ofisi iliyokuwa chini yake. Kwetu Tanzania bendera huiona kwenye shule, ofisi za serikali na magari ya viongozi, na sheria inadhibiti matumizi ya nembo za taifa. Raia wa kawaida hapeperushi bendera barazani kwake bila kuulizwa kulikoni. Marekani bendera ni ya mwenye nyumba. Anaichukua dukani, anaitundika, na hakuna afisa anayehusika. Kitabia hili ni tofauti kubwa, na nadhani ndiko tunakopaswa kuanzia tunapojaribu kuwaelewa watu hawa: wanaona taifa kuwa mali yao binafsi kabla ya kuliona kuwa la serikali.

Jumapili, Juni 30. Kengele na nyumba isiyokuwepo

Kengele ya Uhuru haina kiingilio wala tiketi. Unapanga foleni, unakaguliwa, unaingia. Kuingia katika Independence Hall, jengo ambamo lilipitishwa Tangazo la Uhuru mwaka 1776 na kuandaliwa Katiba mwaka 1787, kunahitaji tiketi ya muda maalumu, ambayo ni bure isipokuwa ada ya dola 1 ya kuiwekea nafasi kwa mtandao.

Nilipofika mbele ya kengele nilishangaa udogo wake. Ina uzito wa karibu kilo 940, lakini mtu mzima anaitazama bila kuinua kichwa sana. Ufa wake maarufu umepanuliwa kwa makusudi na mafundi waliojaribu kuitengeneza, na ukisogea unaona alama za keekee pembeni mwa ufa, pamoja na pini mbili za chuma zilizopachikwa ndani yake. Kwa mzingo wa juu yamechorwa maneno ya Mambo ya Walawi 25:10, yanayoagiza uhuru utangazwe nchini kote kwa wakazi wake wote. Baraza la jimbo liliiagiza kutoka London mwaka 1751, ikapasuka mapema, ikayeyushwa na kusubiwa upya papo hapo Philadelphia. Kwa miaka mingi ilikuwa kengele ya jengo la serikali tu. Walioitwalia na kuipa jina la Kengele ya Uhuru ni wapinzani wa utumwa katika miaka ya 1830, waliosoma neno "wote" na kuuliza mbona mamilioni wako minyororoni. Mwaka 1915 wanawake wa Pennsylvania walitengeneza mfano wake, wakaifunga ulimi kwa mnyororo, wakaizungusha jimboni. Haikulia hadi walipopata kura.

Hatua chache kutoka mlango wa kengele, nje, kuna kuta fupi zisizo na paa. Hapo ndipo ilipokuwa nyumba ya George Washington alipokuwa Rais, Philadelphia ilipokuwa makao makuu. Maonyesho ya mahali hapo, yaliyofunguliwa mwaka 2010, nilipofika yalikuwa yakieleza habari za watumwa 9 aliowaweka humo. Sheria ya Pennsylvania ya 1780 ilimwezesha mtumwa wa mtu asiye mkazi wa jimbo kudai uhuru akikaa humo miezi 6 mfululizo, na Washington alikuwa akiwatoa nje ya jimbo kabla ya muda kutimia ili hesabu ianze upya. Mmoja wao, Ona Judge, alitoroka Mei 1796 akapanda meli hadi New Hampshire. Rais akatuma watu wamrudishe, wakashindwa, naye akafa mwaka 1848 bila kukamatwa. Nilisimama hapo muda mrefu kuliko kwenye kengele. Ninaheshimu taifa lililokubali kuweka habari hizi mbili umbali wa hatua chache, na ningependa ziendelee kukaa hivyo.

Jumatatu nilifua nguo na kulala.

Jumanne, Julai 2. Kiapo

Kwa kalenda ya historia, hii ndiyo siku Baraza la makoloni lilipopiga kura ya kujitenga na Uingereza mwaka 1776. Maandishi yalipitishwa siku mbili baadaye. Mama Neema alifika alfajiri kwa treni kutoka Lancaster pamoja na binti yake na mwanawe, amevaa kitenge kipya cha buluu na kilemba chake. Kiapo kilifanyika katika jengo la mahakama ya shirikisho lililo ng'ambo ya barabara kutoka kwenye uwanja wa Independence.

Mlangoni walimnyang'anya, kwa neno lake mwenyewe, kadi ya kijani ya ukaaji wa kudumu, kwa kuwa haihitajiki tena. Usaili alikwisha kuufanya: wakati huo, katika maswali 100 ya historia na serikali yaliyotangazwa hadharani, afisa aliuliza hadi 10, na mwombaji alitakiwa kupata 6. Mama Neema alijifunza kwa kusikiliza kwenye simu akiwa kazini, kiwanda cha kufungasha chakula, zamu ya usiku. Alinitajia majaji, maseneta na marekebisho ya Katiba kwa kasi ambayo wanafunzi wangu wangeionea wivu.

Karani alitaja nchi moja moja, na watu wa nchi hiyo wakasimama. Ilipotajwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo walisimama wengi kuliko nilivyotarajia, na nyuma yetu mtu akapiga vigelegele. Kisha wote wakainua mkono wa kulia. Maneno ya kiapo ni mazito: mtu anakana utii wake wote kwa mfalme, mtawala au dola yoyote ya kigeni aliyokuwa raia wake. Sauti ya Mama Neema, iliyokuwa ikisikika vizuri mwanzoni, ilikatika kwenye sentensi hiyo, ikarudi kwenye sentensi iliyofuata. Katiba ya Kongo hairuhusu uraia mwingine pamoja na wa kwao, na alilijua hilo. Baada ya kiapo waliweka mkono kifuani na kusema ahadi ya utii kwa bendera, ambayo ilitungwa mwaka 1892 kwa ajili ya watoto wa shule, na maneno "chini ya Mungu" yakaongezwa mwaka 1954. Kila mmoja alipewa cheti na bendera ndogo ya kijiti.

Nje ya ukumbi wajitolea walikuwa na meza ya kuandikisha wapiga kura. Alijaza fomu kabla hajapiga hata picha moja. Nilimuuliza kilichomshika kooni.

"Mwalimu," akasema, "tangu nitoke Uvira sijapata kuwa na karatasi inayosema mimi ni wa mahali fulani. Nyarugusu karatasi ilisema mimi ni mkimbizi. Hapa ikasema mimi ni mkaaji. Leo inasema mimi ni mwenyeji. Lakini kiapo kimeniambia niache dola ya kigeni. Hakikuniambia niache baba yangu na mama yangu. Hayo nimeyasikia vizuri."

Mchana tulikula kwa ndugu zake upande wa kaskazini-mashariki ya mji: ugali, sombe, samaki wa kukaanga na keki yenye nyota na milia. Mchungaji aliomba kwa Kiswahili, kisha kwa Kibembe, kisha wote wakaimba.

Neno kwa wageni watakaoalikwa sherehe kama hii: simama wakati wa wimbo na wa ahadi, kwa adabu, lakini mgeni halazimiki kuweka mkono kifuani wala kutamka. Hata mtoto wa shule Mmarekani halazimishwi. Mahakama Kuu ya nchi iliamua hivyo mwaka 1943, vita vya pili vya dunia vikiwa vimepamba moto, jambo ninaloliona kuwa moja ya maamuzi makubwa ya taifa hilo.

Jumatano, Julai 3. Baltimore

Kutoka katikati ya mji kuna basi la bure la njia ya Banner linalofika hadi Fort McHenry. Kiingilio cha ngome ni dola 15, na walio chini ya miaka 16 hawalipi. Usiku wa Septemba 13 kuamkia 14, 1814, meli za Waingereza ziliipiga ngome hii kwa makombora, na asubuhi bendera ilikuwa bado ipo. Francis Scott Key, mwanasheria aliyekuwa akitazama kutoka melini, aliandika mashairi ambayo mwaka 1931 yalifanywa wimbo wa taifa.

Fika jioni, kabla ya bendera kushushwa. Mhifadhi aliwaita wageni wote uwanjani, akatupanga safu mbili tukitazamana, na bendera ya siku hiyo ikaja juu ya mikono yetu. Wakati wa upepo mkali hutumia ndogo. Jioni ile hewa ilikuwa shwari, kwa hiyo ilikuwa kubwa. Kitambaa chake ni laini na chepesi kuliko kinavyoonekana kikiwa angani, na nyota iliyopita mikononi mwangu ilikuwa pana kuliko kifua changu, imeshonwa kwa uzi mweupe mistari miwili. Kila mtu alinong'onezwa asiiache iguse ardhi. Upande wa pili wangu alikuwa askari mstaafu mwenye mguu wa bandia, na pembeni yake wasichana wawili wenye hijabu waliokuwa wakicheka kwa furaha. Tuliikunja pamoja, tukiwa hatujuani majina.

Bendera ya 1814, ya futi 30 kwa 42, ilishonwa na Mary Pickersgill, mjane wa mji huu, kwa dola 405 na senti 90. Alisaidiwa na binti yake, wapwa wake, na Grace Wisher, binti mweusi aliyefungwa kwa mkataba wa kujifunza kazi nyumbani mwake. Key mwenyewe alimiliki watumwa. Nchi huru iliimbiwa na mwenye watumwa, kwa bendera ambayo binti aliyefungwa kwa mkataba alisaidia kuishona.

Kutoka ukingoni mwa ngome mtu alikuwa akiliona daraja lililopewa jina la Key. Machi 26, 2024, meli ya mizigo iliigonga nguzo yake, daraja likaanguka. Waliokufa ni wafanyakazi 6 waliokuwa wakiziba mashimo barabarani usiku wa manane, wahamiaji kutoka Meksiko na Amerika ya Kati. Nilitazama ncha za daraja zilizobaki nikawaombea. Jioni hiyo nilipanda treni ya MARC hadi Washington kwa nauli isiyofika dola 10; mdogo wangu akanipokea kwa pilau.

Alhamisi, Julai 4. Washington

Asubuhi Tangazo la Uhuru husomwa hadharani kwenye ngazi za jengo la Nyaraka za Taifa, ambalo ndani yake imehifadhiwa nakala halisi, iliyofifia kiasi kwamba saini nyingi hazisomeki. Umati ulishangilia vipengele vya madai dhidi ya mfalme kana kwamba ni habari ya jana. Baadaye yalifuata maandamano, bendi za shule, farasi na joto la kuumiza kichwa. Chukua maji mengi, kofia na viatu vya kutembelea, na utumie treni, maana barabara za katikati hufungwa.

Watu walivaa bendera: fulana, kofia, soksi, hata kaptula. Mwongozo wa bendera uliomo katika sheria zao unasema isifanywe vazi, lakini hakuna anayeadhibiwa. Karibu na uwanja mkuu mtu mmoja alisimama kimya ameishika bendera kichwa chini, ishara ya hatari ambayo wengine huitumia kupinga serikali. Familia zilipita, mmoja akamkaripia, mwingine akampa chupa ya maji, polisi akapita bila neno. Mahakama Kuu iliamua mwaka 1989 kwamba hata kuichoma bendera ni namna ya kutoa maoni inayolindwa na Katiba. Kwa mtu aliyelelewa kusimama wima kengele ya bendera inapolia, ilinichukua muda kulitafakari hilo. Nimefikia kuamini kwamba lina nguvu: bendera inayolindwa na hiari ya watu ina heshima ambayo bendera inayolindwa na rungu haiwezi kuipata.

Fataki zilirushwa baada ya saa tatu usiku. Kurudi Silver Spring kulituchukua hadi saa sita.

Ijumaa, Julai 5. Majumba ya kumbukumbu

Majumba ya Smithsonian ni bure. Bendera yenyewe ya Fort McHenry imo katika jumba la historia ya Marekani, imelazwa nyuma ya kioo, kwenye chumba chenye mwanga hafifu ili isiharibike. Upande wake mmoja umepungukiwa futi 8, kwa sababu warithi wake walikuwa wakikata vipande na kuwagawia watu wa heshima kuwa kumbukumbu, na nyota moja haipo kabisa.

Jumba la historia na utamaduni wa Wamarekani Weusi, lililofunguliwa mwaka 2016, linahitaji kuwekewa nafasi ya saa maalumu kwa mtandao, nayo huisha haraka. Ghorofa za chini imesimama sanamu ya Thomas Jefferson, mwandishi mkuu wa Tangazo, na nyuma yake ukuta wa matofali yenye majina ya watu aliowamiliki, ambao kwa maisha yake yote walikuwa zaidi ya 600. Baba mmoja mweusi alikuwa akimsomea mwanawe majina hayo moja moja, akiyagusa kwa kidole hewani bila kuruka hata moja.

Tulimalizia Lincoln Memorial, ukumbusho wa Rais Abraham Lincoln. Ilipozinduliwa mwaka 1922 weusi walitengewa sehemu yao ya kukaa. Mwaka 1939 Marian Anderson, mwimbaji mweusi aliyenyimwa ukumbi mjini humo kwa sababu ya rangi yake, aliimba kwenye ngazi hizo mbele ya watu wapatao 75,000. Na Agosti 28, 1963, Martin Luther King alisimama hapo akasema waliokuja wamekuja kudai malipo ya hati ambayo waasisi waliitia saini. Mahali aliposimama pamechongwa maneno kwenye jiwe, na usitafute juu sana. Pako ngazi chache chini ya ukumbi wa sanamu.

Mama Neema aliniarifu kwamba kadi yake ya mpiga kura ilifika, na uchaguzi ulikuwa umepangwa Novemba 5, 2024. Kwa mwenye nia ya kufuata njia hii, Tangazo linatimiza miaka 250 mwaka 2026, kwa hiyo viza, malazi ya Philadelphia na tiketi za Independence Hall vishughulikiwe mapema sana, na Fort McHenry aipangie jioni.